Jinsi ya Kupima Mlima Kabla ya Kupeleka Kondoo: Mwongozo Kamili kwa Mfugaji wa Nyanda za Juu

Mlima ukiutazama mwezi wa Mei, unatamanisha. Nilikodi ekari 10 upande wa Kinangop, kwenye miteremko inayoshuka kutoka safu ya Aberdare, kwa sababu ya kijani hicho. Majani yalifika magotini, chemchemi ilikuwa inabubujika, na kodi ilikuwa nafuu kuliko mashamba ya tambarare. Nikapandisha kondoo jike 31. Kufika Machi iliyofuata walibaki 22, na ukipapasa mgongo wa yeyote kati yao ungedhani unapapasa meno ya msumeno. Tisa waliokufa tuliwapasua: ini la kila mmoja lilikuwa gumu, lina makovu, na ukilikata mirija yake inatoa minyoo bapa kama majani madogo.

Mlima ule hata leo una kondoo wanaonenepa. Wanachungwa na mtu mwingine, wako 14, na wamezungushiwa waya wasifike kwenye kinamasi. Ardhi ni ileile na mvua ni ileile. Tofauti ni kwamba huyo mwenzangu aliupima kwanza, na akaupima katika mwezi wake mbaya na kwenye kona yake mbaya. Kazi hiyo ndiyo ninayoieleza hapa, jinsi ninavyoifanya sasa kila ninapoitwa kutazama malisho. Mifano yangu mingi ni ya Nyandarua, Molo na Mau Narok, lakini mfugaji wa Makete, Mbulu au Lushoto anaweza kuifuata vilevile.

Beba vitu hivi: kijiti kilichonyooka cha mita 1, pimamaji ya fundi, rula, mundu, mzani mdogo wa jikoni, fremu ya mbao ya sentimita 50 kwa 50, jembe, mifuko ya karatasi, daftari na simu. Havigharimu hata bei ya kondoo mmoja.

Hatua ya 1: Hakikisha ardhi inaruhusiwa kulishwa

Milima yetu mingi inapakana na misitu na hifadhi, na mpaka haufuati macho. Hifadhi ya Taifa ya Aberdare ipo tangu 1950 na mifugo hairuhusiwi ndani yake. Ua wa umeme unaozunguka safu hiyo, wenye urefu wa kilomita zinazokaribia 400, ulikamilika mwaka 2009. Upande wa nje wa hifadhi kuna msitu wa serikali, na huko unahitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, mara nyingi kupitia chama cha jamii cha msitu husika. Tanzania hali ni hiyohiyo: Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na uzuri wa nyasi zake haukupi haki ya kuingiza kondoo.

Kama unakodi kwa mtu, mwone chifu na majirani wawili wa mpakani kabla ya kutoa hata shilingi. Uliza swali moja: nani mwingine hulisha hapa wakati wa kiangazi? Nimeona mtu akilipia malisho ya mwaka mzima, halafu Januari mifugo ya ukoo mzima ikaingia kwa desturi ya zamani, na hakuwa na la kusema.

Hatua ya 2: Uende mara mbili, na mara moja iwe Februari

Kwenye nyanda za juu za kati ya Kenya, kiangazi kikali huwa kati ya Januari na Machi. Februari ndio mwezi wa kuutazama mlima uso kwa uso. Ukienda Mei pekee utaona mavazi. Ukienda Februari utaona mwili: udongo ulio wazi, chemchemi iliyobaki, nyasi ambazo hata njaa haiwafanyi ng'ombe wazile.

Kama muda hauruhusu, tafuta mzee aliyechunga hapo akiwa kijana. Umwendee kwa heshima, ukae, unywe chai, usiharakishe. Usimuulize kama malisho ni mazuri, maana atakujibu kwa adabu kwamba ni mazuri. Muulize walikuwa wakihamisha kondoo mwezi gani, na kwa nini walihama.

Swali hilo lina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi wa Kiingereza Lord Delamere alichukua ardhi kubwa sana Njoro, akaleta madume ya Merino kutoka ng'ambo ili kuyapandisha kwa kondoo wa Kimaasai. Nyasi zilikuwa nyingi, lakini kondoo walidhoofika na kufa kwa wingi. Wamaasai walikuwa wamezoea kuikwepa sehemu ile, na yeye aliona kijani akadhani wameiacha bure. Nitarudi kwenye sababu tukifika kwenye madini. Kwa sasa andika katika daftari: malisho yaliyo matupu wakati majirani wote wana mifugo, uliza mara mbili.

Hatua ya 3: Chora ramani na ugawanye mlima katika kanda

Fungua ramani ya setelaiti kwenye simu, pima ukubwa wa eneo, halafu lichore kwenye karatasi. Kisha lizunguke kwa miguu na uligawe. Mlima haulishwi wote sawasawa, kwa hiyo usiupime kama kitu kimoja. Mimi hutumia kanda nne: mgongo wa juu, miteremko, bonde, na sehemu zenye maji au mawe.

Kondoo ana tabia inayobadilisha hesabu yote. Jioni hupanda. Hupenda kulala juu penye upepo na mwangaza, na huko ndiko anakoacha samadi yake. Usipomwongoza, mgongo wa mlima utaliwa hadi kwenye mizizi na kujaa mbolea, huku bonde likizeeka na kuwa vichaka. Ukiona kilele kina majani mafupi kama zulia na kinyesi kimetapakaa, na bondeni nyasi zimefika kiunoni, usiseme malisho yako mengi. Yako mengi mahali ambapo kondoo hawataki kwenda. Jiwe la chumvi likiwekwa upande usiolishwa, mbali na maji, linasaidia sana kuwavuta.

Hatua ya 4: Pima mteremko

Weka ncha moja ya kijiti cha mita 1 ardhini, upande wa juu. Weka pimamaji juu ya kijiti, inua ncha ya pili mpaka kiputo kikae katikati, halafu pima kwa rula umbali kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Sentimita hizo ndizo asilimia ya mteremko. Ukipata 28, mteremko ni asilimia 28. Rudia mara tano katika kila kanda na uchukue wastani, maana jiwe dogo au shimo la fuko linaweza kukudanganya.

Ng'ombe huanza kupunguza matumizi ya mlima mteremko ukizidi asilimia 10 hivi. Kondoo ana miguu ya mlimani: hadi asilimia 45 atalisha bila taabu. Kati ya 45 na 60 mimi hukata nusu ya eneo katika hesabu. Zaidi ya 60 naliandika sifuri, na sababu yake ni udongo. Kondoo atafika, ila kwato zake huchimba vijia vya kukata mlima kama ngazi, na mvua kubwa ya Aprili ikikuta ngazi hizo inaondoka na kila kitu.

Ukikuta vijia hivyo tayari vipo, chuchumaa uvitazame. Kama vimeota majani, mlima unapumua. Kama vimebaki udongo mtupu na mashina ya nyasi yamesimama juu ya vikonyo vya udongo, mizizi ikionekana kama miguu ya kuku, ujue tabaka la juu la udongo limekwisha kuondoka na eneo hilo linahitaji mapumziko ya misimu kadhaa.

Hatua ya 5: Tembea hatua 100

Kipimo hiki ninakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji kifaa. Chagua mti au mwamba upande wa pili wa kanda, elekea huko kwa mstari ulionyooka bila kuchagua pa kukanyaga. Kila hatua, tazama ncha ya kiatu chako imegusa nini, halafu uweke alama kwenye daftari: nyasi nzuri, nyasi mbaya, mmea mwingine unaolika, gugu, udongo mtupu, jiwe. Ukimaliza hatua 100, alama zako ndizo asilimia.

Nyasi nzuri za kondoo huku juu ni majani ya kikuyu, yale yanayotambaa na kutengeneza godoro. Yanapenda kati ya mita 1,500 na 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari na udongo wenye rutuba, na yanavumilia kulishwa karibu na ardhi kuliko nyasi nyingi. Klova ya kienyeji yenye maua meupe ikichanganyika nayo, furahi, kwa maana ndiyo chakula cha kwanza kondoo anachokitafuta akifunguliwa zizini. Nyasi nyekundu ya Themeda, inayogeuka rangi ya kutu ikikomaa, ni nzuri ikiwa changa, na kuwepo kwake ni ushahidi kwamba mlima haujachoshwa, kwa sababu ikilishwa kupita kiasi huwa miongoni mwa nyasi za mwanzo kutoweka.

Nyasi mbaya utazitambua kwa mkono. Zile za mafungu makubwa, ngumu, zinazokata kidole ukizivuta, ambazo wataalamu huziita Eleusine jaegeri, haziliwi na kondoo zikishakomaa. Zimeenea mahali palipolishwa sana, huku Kenya na pia nyanda za Ngorongoro. Kangaga wa aina ya brakeni ni onyo lingine: hupenda udongo wenye asidi na mahali panapochomwa moto mara kwa mara, na ana sumu. Kondoo mwenye njaa humla, mwenye shibe humwacha, kwa hiyo hatari yake inakuja pamoja na Februari.

Usiyang'oe mafungu yote ya nyasi hata kama hayaliki. Yanakinga wana-kondoo dhidi ya upepo, yanashika udongo, na upande wa Kinangop ndimo anamofanya kiota ndege mdogo wa manjano aitwaye Macronyx sharpei, ambaye hapatikani popote duniani ila nyanda za juu za Kenya. Tumelima na kuuza sehemu kubwa ya nyasi zake. Kuacha mikanda ya mafungu kando ya malisho hakumpunguzii mfugaji chochote cha maana, na ninaomba kila anayesoma hapa aiache.

Viwango vyangu mimi: udongo mtupu ukizidi 30 katika hatua 100, siweki kondoo mwaka huo. Kati ya 15 na 30, naweka nusu. Nyasi nzuri na klova zikifika 50 au zaidi, ninaendelea na vipimo vingine kwa moyo mkunjufu.

Hatua ya 6: Maji, kinamasi na konokono

Hapa ndipo kondoo wangu tisa walipopotelea, kwa hiyo nivumilie nikikaa kidogo.

Anza na maji ya kunywa. Kondoo mkubwa anahitaji kati ya lita 2 na 6 kwa siku, na anayenyonyesha ndiye anayekwenda upande wa 6. Wakati wa umande na majani mabichi anaweza kunywa kidogo sana. Februari hali ni nyingine. Pima chemchemi kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ikijaa kwa dakika 4, unapata lita 300 kwa saa, zinazotosha kundi kubwa. Ila upime mwezi wa kiangazi, na uulize kama majirani wa chini wanategemea maji hayohayo.

Sasa chimba. Kila kanda, chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji jioni, urudi asubuhi. Likiwa kavu, udongo unapitisha maji. Maji yakiwa bado yamesimama, umepata udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, ambao ni mwingi sana kwenye uwanda wa Kinangop: unajaa maji wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kondoo anayesimama kwenye tope wiki baada ya wiki huoza kwato, na kondoo anayechechemea hapandi mlima kutafuta chakula.

Kubwa zaidi ni konokono. Minyoo bapa ya ini haiwezi kumwambukiza kondoo bila kupitia kwanza ndani ya konokono mdogo wa maji. Huku kwenye baridi aina inayotusumbua ni Fasciola hepatica, na konokono wake ni mdogo, urefu wa milimita 5 hadi 10, rangi ya kahawia. Usimtafute katikati ya mto unaokwenda kasi. Mtafute pale ambapo mtoto angechezea tope: ukingo wa mtaro, chini ya bomba linalovuja, na hasa ndani ya nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Piga magoti, funua majani yaliyolala juu ya tope, utazame kimya kwa dakika mbili. Wataonekana kama punje za mtama zinazosogea. Mshike mmoja, elekeza ncha kali juu na mdomo ukutazame. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, yuko katika jamii ya kushukiwa. Ukiwa wa kushoto, ni wa jamii nyingine. Mimi huchunguza sehemu 10 za kila kinamasi, na nikipata hata mmoja wa kulia, kinamasi chote nakihesabu kuwa kina minyoo. Vaa glavu, na usinywe maji hayo wala kula mboga zinazoota ndani yake, kwa sababu minyoo hao huingia hata kwa binadamu.

Jambo linalouma ni kwamba kinamasi ndicho kinachobaki kijani Februari. Kondoo wote hukimbilia huko, na huko ndiko vijidudu vilikojishikiza kwenye majani vikisubiri kuliwa. Nilikuwa nikiwaona wangu wamekusanyika pale nikashukuru Mungu kwamba kuna mahali wanakula.

Suluhisho lipo: zungushia kinamasi waya au michongoma, vuta maji kwa bomba hadi kwenye birika lililo juu ya ardhi kavu yenye changarawe, na ukione eneo hilo kama sifuri katika hesabu ya malisho. Kuhusu dawa, zungumza na daktari wa mifugo na umtajie minyoo ya ini kwa jina. Albendazole, ambayo wengi tunainunua dukani, huua minyoo ya ini waliokomaa tu. Wachanga wanaotoboa ini wanabaki. Triclabendazole huwafikia wachanga na wakubwa. Nilikuwa nimewanywesha wangu dawa mara mbili na nikalala usingizi mzuri.

Minyoo wa tumbo nao wapo. Ukimfunua kondoo kope la chini ukakuta weupe badala ya wekundu, au uvimbe laini chini ya taya, damu yake inanyonywa. Ukitazama malisho ambayo yana kondoo wa mtu mwingine, omba ruhusa ufunue kope za kondoo watano. Watakueleza habari za mlima kuliko mwenye mlima.

Hatua ya 7: Baridi, jalidi na upepo

Joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Kondoo mkubwa mwenye manyoya hana shida na hilo. Mwana-kondoo aliyezaliwa usiku, akiwa amelowa, upepo unavuma, anaweza kufa kabla hajanyonya. Kwa hiyo tafuta upande uliokingwa: nyuma ya mwamba, mstari wa miti, mafungu ya nyasi. Simama hapo saa kumi na mbili asubuhi, vua kofia, uone kama masikio yanavumilia. Mlima usio na kinga yoyote bado unafaa kwa kondoo wasio na mimba, lakini usiufanye mahali pa kuzalia.

Jalidi, yaani umande ulioganda, hutujia usiku wa kiangazi mbingu zikiwa wazi. Watu wengi wanadhani ni baridi ya kileleni. Hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Weka sahani moja ya maji bondeni na nyingine katikati ya mteremko usiku wa Januari. Mara kadhaa nimekuta ya bonde ina kigae cha barafu na ya mteremko haina kitu. Majani ya kikuyu yakipigwa na jalidi hubadilika kahawia asubuhi moja, na chakula ulichokuwa unakitegemea kwa Februari kinakuwa makapi. Bonde la jalidi lilishwe kabla ya Desemba kwisha. Miteremko ihifadhiwe kwa ajili ya baadaye.

Mimba ya kondoo ni miezi mitano. Huku kwetu Julai na Agosti ni ukungu na manyunyu, kwa hiyo usimwache dume kundini Februari na Machi.

Hatua ya 8: Madini

Sasa turudi Njoro. Udongo wa majivu ya volkano katika sehemu za Bonde la Ufa, hasa karibu na Nakuru, una upungufu wa kobalti. Walowezi waliona ng'ombe wao wakikonda katikati ya nyasi nyingi, wakauita ugonjwa huo Nakuruitis. Bila kobalti mnyama anayecheua hawezi kutengeneza vitamini B12, na kondoo huathirika hata kuliko ng'ombe. Anapoteza hamu, anakonda, macho yanatoa machozi, manyoya yanakatika. Mfugaji anadhani ni minyoo, anamnywesha dawa, na hali haibadiliki.

Chukua udongo wa kina cha sentimita 15 kutoka sehemu 10 au zaidi za kila kanda, changanya kwenye ndoo safi, ufungashe nusu kilo na kuipeleka maabara. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, hupima udongo Kabete. Uwaambie unataka kujua asidi na madini madogomadogo kwa ajili ya mifugo. Maji ya kisima pia yapimwe floridi kama uko ndani ya Bonde la Ufa. Ukikuta meno ya watoto wa hapo yana madoa ya kahawia, tayari umepata jibu la kwanza.

Na hapa nasisitiza kwa nguvu zote: usimpe kondoo chumvi ya madini ya ng'ombe. Ina shaba nyingi. Kondoo huihifadhi kwenye ini miezi kadhaa akiwa mzima kabisa, kisha siku moja anakojoa mkojo mwekundu mweusi na kufa. Kinyesi cha kuku kama chakula cha kondoo kina hatari hiyohiyo. Nunua iliyoandikwa kondoo.

Hatua ya 9: Fisi, mbwa na wezi

Karibu na msitu kuna fisi na chui, lakini karibu na vijiji mbwa wasiofungwa huua kondoo wengi pia, na huua mchana. Uliza. Kama jibu ni ndiyo, gharama ya zizi imara la usiku na mchungaji wa kudumu iingie kwenye bei ya kukodi. Mlima usiofikika kwa gari wakati wa mvua usiukatae kwa sababu hiyo pekee. Kondoo ana miguu, atateremka mwenyewe siku ya kuuza.

Hatua ya 10: Pima majani na uhesabu kondoo

Fanya hivi mwishoni mwa mvua za vuli, kabla kiangazi hakijaanza, kwa sababu majani yaliyopo siku hiyo ndiyo ghala lako hadi masika.

Katika kila kanda, rusha fremu ya sentimita 50 kwa 50 nyuma yako bila kutazama. Palipoangukia, kata kwa mundu kila kinacholiwa na kondoo, ukiacha sentimita 3 juu ya ardhi. Weka kwenye mfuko wa karatasi. Rudia mara 10. Sambaza kila fungu juu ya mabati juani siku mbili au tatu mpaka uzito usishuke tena. Gramu za majani makavu za fremu moja, zidisha kwa 40: hizo ni kilo kwa hekta.

Tuseme fremu zako zilitoa wastani wa gramu 180 mbichi, zikakauka kuwa gramu 45. Mara 40 ni kilo 1,800 kwa hekta. Ekari 10 ni kama hekta 4. Ondoa kinamasi cha hekta 0.4 na mawe na miteremko mikali ya hekta 0.6. Zimebaki hekta 3, yaani kilo 5,400.

Usithubutu kuzila zote. Nyasi inahitaji kubaki na majani ya kupumulia, mengine yatakanyagwa, mengine yatachomwa na jalidi. Mimi hutumia asilimia 40 mahali pazuri, na 25 mahali palipochoka. Asilimia 40 ya 5,400 ni 2,160.

Kondoo jike wa kilo 40 hula majani makavu kiasi cha asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 1.2 kwa siku. Kwa kiangazi cha siku 120 ni kilo 144. Gawanya 2,160 kwa 144: kondoo 15. Kama watakuwa wananyonyesha, mhesabu kila mmoja kama mmoja na nusu, ubaki na 10.

Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza nikiwa nyumbani, nikakumbuka 31 wangu kwenye ekari 10, nilifunga daftari nikatoka nje.

Idadi ikishajulikana, chagua mbegu. Penye baridi na unyevu mwingi kama Molo na Kinangop, Corriedale na Hampshire Down wamezoea, na Romney Marsh anavumilia tope kuliko wengi. Merino anataka mahali pakavu zaidi. Dorper anapendeza sokoni, lakini mvua baridi ya mfululizo inamchosha. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ni mdogo wa umbo, ila anastahimili minyoo wa tumbo kuliko wageni wote, na kwenye mlima wenye minyoo ningemchukua yeye au chotara wake bila kusita.

Gawanya malisho vipande visivyopungua vinne. Wahamishe kondoo majani ya kikuyu yakishuka hadi sentimita 5, usiwarudishe kabla ya wiki tano au sita, na wakati wa baridi subiri zaidi kwa sababu nyasi huchipua polepole.

Mkataba wa kukodi uandike idadi ya kondoo uliyoihesabu, kinamasi kitafungwa na nani, na haki yako ya kutumia chemchemi. Mwaka wa kwanza lipia miezi sita tu. Tembea tena hatua zako 100 kwenye mistari ileile Februari inayofuata, ulinganishe na daftari, na kama udongo mtupu umeongezeka hata kwa alama 5, punguza kondoo kabla ya kulipia nusu ya pili.